Nilipoulizwa Barkadi Ni ya Nani

Septemba 27

Daftari hili limekaa kwenye sanduku la shule tangu nilipostaafu. Kurasa mia moja na ishirini, mistari ya buluu, hata tone la wino halina. Nimelionea huruma. Nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na tisa katika kijiji ambacho watu hununua chumvi kwa Kisomali, hugombana kwa Kisomali na kuzikana kwa Kisomali, na sasa kwa kuwa sina darasa naona lugha yenyewe inaanza kunitoroka. Nitaandika mpaka deyr iishe, yaani mvua za vuli tunazozingojea. Binti yangu Lul, anayefanya kazi ofisini huko Garissa mjini, akisikia hooyo, yaani mama yake, anaandika shajara atacheka. Acha acheke.

Leo joto. Mbuzi mmoja amekula sabuni.

Septemba 29

Nimekwenda kuitazama barkadi. Niieleze kama ningemweleza mwanafunzi mgeni: ni shimo kubwa lililochimbwa ardhini, likajengwa kwa mawe na saruji, maji ya mvua yakaelekezwa humo kwa mifereji ili yanywewe miezi ya ukavu. Yetu ina urefu wa hatua ishirini na mbili, na kina cha watu wawili mmoja akimsimamia mwenzake mabegani. Mume wangu Daud aliichimba viangazi viwili mfululizo, na mimi nikauza ngamia wawili wa kike niliorithi kwa mama ili tupate saruji. Hii ni miaka kumi na mitatu sasa. Daud ametangulia mbele ya haki, mwaka wa nne huu, na bado nikishika ukingo ule namwona akiwa chini na sururu, akiniambia nimletee chai. Nina hamu naye sana.

Chini kuna tope la kufika magotini. Lazima litolewe kabla ya mvua.

Oktoba 2

Tope. Watu wanne, ndoo sita, punda mmoja mvivu.

Oktoba 3

Tope.

Oktoba 4

Tope limekwisha, alhamdulillahi. Abdille alikuja bila kuitwa, akasafisha mfereji wa juu peke yake, akaondoka kabla sijamwekea chai. Abdille ni jirani yangu, mfugaji wa mbuzi, mtu wa maneno machache na koti moja. Kila mwaka jilaal inapoanza, yaani kile kiangazi kikali cha baada ya mwaka mpya, huja kwangu na kifurushi cha sukari, akakaa mkekani, tukapeana habari za dunia nzima, na chai ikiisha ndipo aseme kwamba mbuzi wana kiu. Nami husema karibu. Hajakataliwa hata mara moja, wala hajaacha kuomba hata mara moja.

Oktoba 9

Mawingu yamekuja, yametusalimia, yameondoka.

Oktoba 12

Lul amepiga simu akiwa ofisini, sauti ya chini kama mtu aliyeiba kitu.

"Hooyo, umesikia hiyo muswada ya maji? Kaunti inataka barkadi zote za umma zichukuliwe na kamati. Kamati ndiyo itasema nani achote na lini."

"Vizuri. Sisi inatuhusu nini?"

"Orodha imetoka. Barkadi yetu iko ndani. Namba arobaini na moja. Mmiliki, jamii."

Nilimwambia wamekosea. Akasema, "Hooyo, wameandika ni wewe mwenyewe ulisema hivyo."

Oktoba 13

Sikulala vizuri, lakini nimekumbuka. Mwezi wa sita alikuja mtu wa kuhesabu visima, jina lake Wario, Mborana wa upande wa Wajir, mstaarabu, amebeba kile kibao chao cha kuandikia kwa kidole. Tulizungumza Kiswahili, nami nilifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Akaniuliza, "Mama, barkadi hii ni ya nani?" Nikamjibu, "Ya Mungu." Akauliza, "Na wanaokunywa?" Nikamjibu, "Wenye kiu." Akaandika, akanywa chai, akaenda zake.

Ningejibu nini? Kwetu mgeni akiuliza maji ni ya nani, ukisema "yangu" ni kama umemwambia apite. Mama alinifunza hivyo kabla hajanifunza kufunga mtandio. Kila mtu anajua ya nani, ndiyo maana hakuna haja ya kusema.

Nimempigia simu Saynab, mjane mwenzangu mwenye barkadi ya bondeni. Yake ni namba arobaini. Yeye alimjibu Wario kwamba ni ya wasafiri. Mzee wa boma la pili alijibu kwamba ni ya Waislamu wote. Katika eneo letu zima aliyejibu "yangu" ni mmoja tu, Abdirahim, mfanyabiashara wa mjini mwenye barkadi tatu zenye milango ya chuma. Huyo aliandikisha mpaka jina la babu yake. Na watu wanasema muswada wenyewe umetungwa kwa sababu yake, maana mwaka wa ukame alifunga milango yake mifugo ikafa nje. Sasa sheria iliyotungwa kwa ajili ya aliyefunga inawachukulia walioacha wazi.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaona kwamba machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha.

Oktoba 16

Upepo na vumbi. Yule mbuzi wa sabuni hajambo.

Oktoba 19

Nimegombana na Abdille. Tangu nimjue hatujawahi. Nilimwambia habari za muswada nikitarajia anipe pole, naye akasema anauunga mkono.

"Mwaka ule Abdirahim alipofunga," akasema, "nilizika mbuzi thelathini na mmoja njiani kuja kwako."

"Mimi nilikufungia?"

"La."

"Basi?"

"Wewe utakufa, Mwalimu. Lul yuko mjini. Atakayekuja baada yako, sijui kama atakuwa na mkeka."

Nikamwambia kwamba kama anataka kuniona nimekufa angoje kwanza mvua. Akachukua fimbo yake. Mtu amekunywa maji yangu miaka kumi na mitatu. Hana shukrani, nimeandika na sifuti.

Oktoba 20

Bado nimekasirika.

Oktoba 24

Manyunyu. Yametosha kutuliza vumbi na kuwaamsha vyura.

Oktoba 27

Mvua. Imeanza adhuhuri, ikanyesha mpaka asri kama iliyokuwa na deni na sisi. Nilisimama uani nimelowa, nikisikia maji yanavyoingia kwenye mfereji, yakipita kwenye kijishimo cha kuchuja mchanga, yakianguka ndani. Mfereji wa juu haukuvuja hata mahali pamoja. Ni kazi nzuri ya mtu asiye na shukrani.

Novemba 3

Abdirahim amekuja na gari lake jeupe. Ameleta tende, pole za marehemu Daud zilizochelewa miaka minne, na kufuli. Kufuli jipya, zito, lenye funguo tatu.

"Eeddo Saado," akaniita shangazi, ingawa tunalingana umri, "mali ni mali. Ukiwapa watu mpaka wakazoea, watasema ni yao. Kikao cha maoni ya muswada kinakuja. Weka mlango, funga wiki moja tu, watu waone ni ya nani. Halafu usimame kwa niaba yetu wenye barkadi. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza. Mimi wakiniona wanakasirika."

Hilo la mwisho alilisema kwa uchungu kidogo, na nilimhurumia kwa muda mfupi. Lakini mambo mengine aliyoyasema yana ukweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilipokea kufuli kwa sababu zawadi hairudishwi mlangoni.

Novemba 5

Nimekwenda barkadini na kufuli mfukoni. Nilitaka tu kuona. Barkadi yetu haina mlango, ina matawi ya miiba juu na pengo moja la kuchotea. Nikahesabu mbao zinazohitajika. Wakaja mabinti wa Saynab na madumu yao, wakanisalimia, wakaniomba ruhusa kama kawaida, wakachota. Kufuli lilikuwa likinigonga pajani. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa msichana.

Novemba 8

Nimetembea mpaka bwawa la mradi, nyuma ya shule. Lilichimbwa nikiwa bado nafundisha. Siku ya kulifungua kulikuwa na utepe, pilau na hotuba nne, na tukaambiwa ni letu sote. Kamati ilikuwa na watu kumi na mmoja: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na wanachama. Haikuwa na mtu wa tope. Msimu wa kwanza tope lilitolewa kwa fujo na furaha, wa pili kila mmoja alimngojea mwenzake, wa tatu hatukuulizana. Mvua yote hii, na leo ndani yake kuna dimbwi la kunywesha kuku na msitu wa mathenge, ile miti ya miiba, ambao hata mbuzi huzunguka. Kibao cha mradi ndicho kilichobaki imara.

Hata mimi nilikuwa katika kamati ile. Niandike ukweli: sikubeba ndoo hata moja. Nilikuwa na barkadi yangu ya kusafisha.

Nilirudi polepole. Nilijua sasa nitasema nini kikaoni. Lakini njia nzima maneno ya Abdille yalinifuata, yale ya mkeka. Alikuwa amesema kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Novemba 11

Nimemwuliza imamu wetu. Amesema maji, malisho na moto watu hushirikiana, na mwenye kiu hanyimwi. Kisha akasema aliyechimba na kuhifadhi ana haki ya alichohifadhi, na ni dhambi kumnyang'anya. Nikamwuliza sasa nishike lipi. Akasema yote mawili, ndiyo kazi yenyewe.

Novemba 14

Mvua imekata barabara ya Garissa. Kikao kimeahirishwa. Barkadi imejaa hadi alama ya pili.

Novemba 21

Kikao kimefanyika, katika darasa la saba, darasa langu. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mahat, mwakilishi wetu wa wadi, na pamoja naye wakili na makarani kutoka mbali, kwa hiyo tukaambiwa tuzungumze Kiswahili. Niliona wazee wakitazamana kama wanafunzi waliotangaziwa mtihani wa ghafla. Abdirahim alikaa nyuma, shati limenyooshwa. Abdille alisimama ukutani na koti lake. Tulikuwa hatujasemezana mwezi mzima.

Wario alisoma orodha. Alipofika namba arobaini na moja, mmiliki jamii, Mahat akaniuliza kama ni kweli nilisema barkadi ni ya Mungu.

"Ni kweli," nikasema. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Kisha nikasema niliyoyaandaa. Niliwaambia wachungulie dirishani waone bwawa la mradi, letu sote, na waniambie nani alitoa tope lake mara ya mwisho. Nikawaambia mimi hutoa tope kila mwaka, si kwa kuwa ni mwema, bali kwa sababu nisipotoa mimi nitalala nikijua ni mimi. "Na kesho," nikasema, "kijana mwenye ngamia wawili akifikiria kujenga barkadi, akakumbuka yaliyompata Mwalimu Saado, atajenga au atanunua pikipiki?" Vijana wa dirishani wakasema pikipiki. "Jingine. Mtu akija kuniomba maji, mimi humwambia karibu. Mkiichukua barkadi mtakuwa mmechukua maji, na mtakuwa mmechukua pia ile karibu. Kamati haisemi karibu. Kamati inatoa zamu."

Nilidhani nimemaliza vizuri. Lakini Mahat si mjinga, nilimfundisha mwenyewe.

"Mwalimu, umewahi kumnyima mtu maji?"

"Hapana."

"Kuna mtu humu amewahi kunyimwa maji na Mwalimu?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi ikiwa kila mtu anakunywa na hakuna anayenyimwa, kwa vitendo ni ya umma. Sheria itaandika tu kilichopo. Au unatuambia ni yako?"

Neno lilikuwa moja tu. Nilifungua mdomo mbele ya watu mia mbili, majirani zangu, wanafunzi wangu, watoto niliowapa maji tangu wanatambaa, na neno hilo halikutoka. Nilimwona mama yangu. Nilimwona Daud na sururu. Karani alikuwa anangoja na kalamu, na nikajua nikinyamaza kidogo tena ataandika, na nitakuwa nimeipoteza kwa mdomo wangu mara ya pili.

Ndipo Abdille akainua fimbo.

"Mheshimiwa, mimi iko na neno. Mimi nataka hii sheria. Abdirahim alifunga, mbuzi yangu thelathini na moja imekufa. Yeye iko hapo, anasikia. Lakini mimi hawezi danganya mbele ya watu. Hii barkadi ya Mwalimu, mimi nanywesha mbuzi miaka kumi na tatu. Kila mwaka nabeleka sukari kwake, nakaa chini, naomba. Serikali sijawahi omba. Jamii sijawahi omba. Kama hii maji ni yangu, mimi naomba nini?"

Akaendelea, polepole, akitafuta kila neno kama mbuzi aliyepotea.

"Nyinyi mmefika kwa mwenye mlango, akasema yake, mmemwacha. Mmefika kwa mwenye adabu, mmebata yeye, mmemwandika hana kitu. Hiyo si fizuri. Mwenye kufunga ukame ndiyo mumshike. Huyu, muulizeni sisi majirani. Sisi tunajua nani tunaomba."

Miaka ishirini na tisa nimesahihisha Kiswahili cha watu. Leo sikusahihisha hata herufi. Macho yangu yalijaa na sikuyafuta.

Baada yake mikono ikainuka. Mmoja akasema humwomba Saynab. Mwingine akasema baba yake alimwomba yule mzee wa boma la pili. Na Wario akasimama. "Kwetu pia ni hivyo," akasema. "Mwenye kisima hajitaji. Nilijua, lakini fomu ilitaka jibu la mdomoni, nikaandika la mdomoni. Nilipaswa kuwauliza majirani." Alisema hivyo akinitazama, na nikampungia mkono kumwonyesha yamekwisha.

Wakili alipouliza kama sheria iwalazimishe wenye barkadi wote kutoa maji ya kunywa ukame ukitangazwa, mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza kukubali. Abdirahim alichelewa, lakini watu walipogeuka kumtazama naye akainua, mpaka usawa wa bega.

Nje nilimkuta Abdille anafunga kamba ya kiatu. Nikamwambia, "Bado unanikasirikia?" Akasema, "Bado sijui nani ana mkeka." Tukarudi nyumbani pamoja, na nilikuwa na furaha njia nzima.

Kule juu nimeandika kwamba hana shukrani. Nilisema sifuti. Nimefuta.

Novemba 22

Nimelala mpaka jua kali. Kuku wananishangaa.

Desemba 6

Lul amepiga simu, safari hii kwa sauti ya kawaida. Kamati ya bunge la kaunti imekubali kurekebisha muswada. Orodha itarudiwa, na mwenye barkadi atatambuliwa kwa ushahidi wa majirani watatu. Kitakachojulikana ni cha mtu kitabaki cha mtu. Ukame ukitangazwa, hakuna atakayemfungia mwenye kiu. Nikamwambia Lul achukue likizo yake yote ya mwisho wa mwaka na aje nyumbani.

"Kuna nini, Hooyo?"

"Kuna mkeka," nikasema. Hakuelewa, lakini atakuja.

Desemba 15

Wario amerudi na kibao chake. Mashahidi wangu watatu wameketi: Saynab, mzee wa boma la pili, na Abdille. Mashahidi wametosha, lakini Wario akasema fomu bado ina nafasi ya mwenyewe.

"Mama, samahani, lazima niulize. Barkadi hii ni ya nani?"

Nikajaza gilasi yake kwanza. Nikamsogezea. Alipoishika, nikasema, "Yangu. Na ya Daud, andika jina lake pia. Sasa kunywa." Saynab alicheka mpaka akajifunika uso. Mimi nilihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana.

Kufuli la Abdirahim nimelitia kwenye banda la kuku. Kuna fungo, yule paka wa mwituni, anawapunguza.

Desemba 24

Lul amefika. Amekuja na nguo nyingi na simu mbili. Nimemwonyesha mfereji wa juu.

Desemba 29

Lul ameshuka barkadini na ufagio kusafisha ukingo. Amelalamika kuhusu kucha zake asubuhi nzima, na jioni akauliza saruji huchanganywaje.

Januari 4

Mvua zimekwisha kabisa. Mbingu nyeupe. Jilaal imeingia.

Januari 6

Abdille amekuja leo asubuhi na koti lake. Akaweka kifurushi cha sukari mbele yangu, akakaa mkekani. Tulizungumza habari za barabara, bei za ngamia soko la Garissa, ndoa ya binti wa Saynab, na yule fungo. Lul alimimina chai. Chai ikaisha. Nikangoja aseme.

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kifurushi cha pili. Hakikuwa changu. Alikiweka mbele ya Lul, taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali kitakapokaa.

"Mbuzi wana kiu," akamwambia.

Lul akanitazama. Mimi nilikuwa na shughuli kubwa sana na kifuniko cha birika. Akageuka, akaivuta sukari kwake kwa mikono miwili.

"Karibu, adeer," akasema, akimwita ami. "Barkadi yetu ni hiyo."